Kudhaniwa mtu mwingine: uanze na Bresson, Clément au Losey?

Kama una jioni moja tu, na unataka filamu ya Kifaransa ya baada ya Vita vya Pili vya Dunia inayomhusu mtu aliyechukuliwa kuwa wa tabaka au jina lisilo lake, ninazo tatu za kukupa. Ya kwanza ni Les Dames du Bois de Boulogne ya Robert Bresson, iliyoanza kuonyeshwa Septemba 1945. Ya pili ni Plein soleil ya René Clément, ya mwaka 1960. Ya tatu ni Monsieur Klein ya Joseph Losey, ya mwaka 1976.

Kwa Bresson, msichana anavishwa heshima na mtu mwingine, kwa fedha na kwa njama. Kwa Clément, kijana anajivisha mwenyewe ubini wa tajiri, kwa wizi na mauaji. Kwa Losey, ni serikali inayombandika mtu jina, naye kadiri anavyohangaika kulibandua ndivyo linavyozidi kumganda. Nitasema mapema ninakoegemea: filamu ya Bresson ndiyo kubwa kuliko zote tatu, ingawa ndiyo inayowachosha watu upesi. Kwa hiyo nitakaa nayo kwa muda. Miisho sitaitoboa.

Nani anamdanganya nani

Katika filamu ya Bresson, Hélène ni mwanamke tajiri wa Paris mwenye mpenzi wa siku nyingi, Jean. Anahisi penzi la Jean limepoa. Hamlaumu wala hamwulizi, anamtega. Anajifanya kwamba yeye ndiye aliyechoka, kwamba moyo wake hauko tena kama zamani. Jean anashusha pumzi. Anakiri kwamba naye yuko hivyohivyo, anamsifu kwa ukweli wake, wanakubaliana wabaki marafiki, kisha anaondoka akiwa mwepesi kama mtu aliyetuliwa mzigo. María Casarès, anayemwigiza Hélène, halii wala hapazi sauti. Uso umetulia vilevile, ni macho tu yaliyobadilika, na hapo unajua kwamba mwanamume huyu amekwisha. Katika filamu za miaka ile sijaona kuachana kunakouma kuliko huku.

Kisasi chake kinampitia Agnès, msichana aliyeota kucheza dansi kwenye jukwaa kubwa kabla ya familia yake kufilisika. Sasa anacheza kwenye kabareti, na yeye na mama yake wanaishi kwa fedha za wanaume wanaokuja nyumbani usiku. Hélène anawalipia madeni, anawahamishia kwenye nyumba tulivu ya Square Port-Royal, na kuwapa masharti: waishi kimya, wavae kwa adabu, wasipokee wageni. Halafu anapanga wakutane na Jean kana kwamba ni bahati, penye maporomoko ya maji ndani ya bustani ya Bois de Boulogne. Jean anamwona binti mwenye haya, aliyelelewa vizuri, asiyefikika kirahisi. Anampenda palepale.

Uzito wa filamu uko hapa: alichokiona Jean si uongo mtupu. Haya ya Agnès ni ya kweli. Hamu yake ya maisha yale ya utulivu ni ya kweli pia. Amevishwa vazi analolitamani kuliko kitu chochote, na kila asubuhi anakumbuka kwamba ni la kuazima na mwenyewe atakuja kulidai. Anajaribu kumweleza Jean, hata kwa barua, lakini Jean hataki kusikia kitu kitakachomharibia picha aliyokwisha kujichorea. Hivyo kosa hili la kumdhania mtu siye lina wenyewe watatu: aliyelipanga, aliyelikubali kwa sababu ya shida, na aliyekataa kulijua kwa sababu ya mapenzi. Katika filamu nyingine mbili hutamkuta huyu wa tatu akichorwa kwa kina namna hii, na ndiyo sababu naiweka ya Bresson mbele.

Kisa chenyewe kilitoka kwa Denis Diderot, mwandishi wa karne ya 18, katika riwaya yake Jacques le fataliste, ambamo Madame de La Pommeraye anamlipizia kisasi mtemi mmoja wa ngazi ya markizi aliyemchoka. Bresson alikileta kwenye Paris ya magari, simu na lifti, na mazungumzo yakaandikwa na Jean Cocteau. Wapo wanaosema uhamisho huo ndio kasoro ya filamu: zama za Diderot markizi kuoa mwanamke wa aina hiyo ilikuwa fedheha isiyofutika, lakini katikati ya karne ya 20 nani angeshtuka kiasi hicho? Mimi sikubaliani nao. Mtu aliyekulia mahali ambapo posa haipelekwi mpaka ukoo umeuliza binti ni wa nani na ameishi wapi hatahitaji kufafanuliwa kwa nini Hélène aliamini silaha yake itaua.

Kwa Clément udanganyifu una mtu mmoja tu anayeujua wote. Tom Ripley, kijana wa Kimarekani asiye na mbele wala nyuma, ametumwa Italia na tajiri mmoja amrudishe mwanawe Philippe San Francisco. Akifaulu atalipwa dola 5,000. Philippe hana nia ya kurudi. Ana boti, ana mchumba, ana fedha za baba zisizokauka, na anafurahia kuwa na mtu wa kumdhihaki. Anamsahihisha Tom namna ya kushika kisu mezani. Anamshusha kwenye mtumbwi nyuma ya boti na kumwacha jua limbabue. Tom naye anavaa nguo za Philippe kwa siri, anasimama mbele ya kioo na kuiga sauti yake. Tangu hapo unaona damu itamwagika.

Philippe anapokufa, filamu inageuka kuwa kazi ya mikono, na sehemu hii ni tamu kweli. Tom anaikuza saini ya marehemu ukutani na kuifuatisha mara nyingi mpaka mkono wake unaizoea. Anabandika picha yake kwenye pasipoti ya mwenzake. Anajibu simu kwa sauti mbili. Kuwa tajiri, kwa Clément, ni ufundi ambao maskini mwenye akili anaweza kuusoma, na jamii inayomzunguka haina kipimo kingine zaidi ya suti, karatasi na namna ya kuongea na mhudumu wa hoteli. Utajikuta ukimwombea mwuaji asikamatwe. Ni jambo zito mwongozaji kumtendea mtazamaji, na Clément analifanya bila kujitutumua.

Tatizo langu na Plein soleil ni kwamba wanaodanganywa hawana uzito. Marge, mchumba wa Philippe, anaachwa awe mzuri na mwenye huzuni, basi. Kwa Bresson, Jean anajitengenezea upofu wake mwenyewe. Hapa watu wanapofushwa tu. Filamu ikiisha umefurahi sana, lakini maswali unayoondoka nayo ni machache.

Losey anabadilisha swali lote. Tuko Paris, Januari 1942, chini ya utawala wa Wajerumani. Robert Klein ni mfanyabiashara wa sanaa, Mkatoliki, anayenunua picha kwa bei ya kutupa kutoka kwa Wayahudi wanaotafuta nauli ya kukimbia. Asubuhi moja anamsindikiza mlangoni mtu aliyetoka kumwuzia mchoro wa Kiholanzi, na kwenye barua zake anakuta gazeti la jumuiya ya Wayahudi lenye jina lake na anwani yake. Yupo Robert Klein mwingine, Myahudi, ambaye kwa makusudi au kwa bahati mbaya amemwachia mkia wake. Klein anakwenda mwenyewe polisi kusahihisha kosa. Hapo ndipo anapojiingiza: kabla ya kulalamika hakuna aliyemshuku; baada ya kulalamika yumo kwenye jalada.

Sheria za Oktoba 1940 na Juni 1941 za serikali ya Vichy, yaani ile ya Kifaransa iliyoshirikiana na Wajerumani, ziliamua kama mtu ni Myahudi kwa kuwatazama babu na bibi zake. Basi Klein anaanza kukusanya vyeti vya ubatizo vya wazee waliokwisha kufa, rafiki yake wakili akimsaidia, na cha bibi mmoja inabidi kitafutwe Algiers. Baba yake mzee huko Strasbourg anakasirika kwamba swali lenyewe limeulizwa. Wakati huohuo Klein anavutwa na yule mwingine. Anaingia kwenye chumba chake kichakavu, anafuata barua zake, anakutana na wanawake wake. Mtu asiyewahi kujiuliza yeye ni nani sasa anamsaka mwenye jina lake kwa shauku kubwa kuliko aliyokuwa nayo kwa kitu chochote. Yule Klein wa pili hatumwoni uso.

Hapa aliyedhaniwa siye hana mikono safi, na hilo linaitofautisha filamu hii na hadithi nyingi za mtu asiye na hatia anayekamatwa kimakosa. Anachopinga Klein ni kuhesabiwa miongoni mwa wale wanaoonewa. Kuonewa kwao kulikuwa hakumsumbui, kulikuwa kunamlipa. Losey hamhukumu kwa maneno. Anafungua filamu na daktari anayempima mwanamke taya, pua na mwendo kama anayekagua mnyama, ili aandike kwenye fomu ni wa asili gani. Baada ya dakika hizo chache, kila karatasi unayoiona kwenye filamu inanuka chumba kile.

Losey aliyajua mambo ya orodha za watu wanaoshukiwa. Alikuwa Mmarekani aliyenyimwa kazi Hollywood kwa kushukiwa ukomunisti, akahamia Uingereza mwanzoni mwa miaka ya 1950. Mwandishi wake mkuu, Mwitaliano Franco Solinas, ndiye aliyekuwa ameandika filamu ya mwaka 1966 kuhusu vita vya Algiers. Filamu inaelekea kwenye msako wa tarehe 16 na 17 Julai 1942, ambapo polisi wa Kifaransa waliwakamata Wayahudi 13,152 wa Paris na vitongoji vyake, zaidi ya 4,000 kati yao wakiwa watoto, na familia nyingi zikafungiwa kwenye uwanja wa mbio za baiskeli wa Vélodrome d'Hiver. Rais wa Ufaransa hakukiri hadharani wajibu wa taifa hilo hadi 1995, kwa kinywa cha Jacques Chirac. Monsieur Klein ilitoka miaka 19 kabla ya kukiri huko. Mwaka 1977 ilipata tuzo za César, tuzo za filamu za Ufaransa, za filamu bora, mwongozaji bora na usanifu bora wa mandhari.

Zinavyotazamika

Ya Bresson ni nyeusi na nyeupe na haifiki saa moja na nusu. Usidanganywe na ufupi wake. Watu wanaongea kwa sauti tulivu, wanasimama wima, wanaingia na kutoka kwenye vyumba vilevile, na mengi makubwa yanatokea kwenye ngazi, mlangoni au ndani ya gari. Ilipigwa mwaka 1944, Paris ikiwa bado mikononi mwa Wajerumani na umeme haueleweki. Kazi ikakatizwa, ikamaliziwa baada ya jiji kukombolewa. Ndani yake huoni askari hata mmoja. Ilipotoka haikupata watu, na naelewa kwa nini taifa lililotoka kwenye miaka minne ya namna ile halikukimbilia kumtazama tajiri akimlipizia tajiri mwenzake. Baada yake Bresson aliachana na waigizaji wa kazi, akawa anachukua watu wasiowahi kuigiza. Kwa hiyo hapa ndipo mahali pa mwisho pa kuona ukali wake ukikutana na mwigizaji mkubwa wa jukwaa.

Na Casarès alikuwa mkubwa kweli. Alizaliwa A Coruña, Hispania, mwaka 1922. Baba yake, Santiago Casares Quiroga, alikuwa waziri mkuu wa jamhuri majenerali walipoasi Julai 1936, na María akaingia Ufaransa kama mkimbizi akiwa na miaka 14. Huyu bibi wa tabaka la juu la Paris, anayewapangia wenzake nani aonekane wa heshima na nani asionekane, anaigizwa na binti aliyejifunza Kifaransa ukimbizini. Ukishalijua hilo, sauti yake inasikika tofauti.

Plein soleil ina rangi, na rangi zake ni sababu tosha ya kuitazama: bahari ya Italia, mashati meupe, ngozi iliyoiva kwa jua, soko la samaki Napoli. Mpiga picha alikuwa Henri Decaë, muziki ni wa Nino Rota. Inakaribia saa mbili na huhisi muda ukipita. Iliyotangulia ni riwaya ya Patricia Highsmith ya mwaka 1955, na Clément alibadilisha mwisho wake. Wengi wenu mtakuwa mmeona toleo la Kimarekani la 1999 lenye Matt Damon; hilo linamhurumia Ripley na kumweleza, la Clément halimwelezi. Alain Delon, anayemwigiza Ripley, anatazama, anahesabu, anatabasamu, na huambiwi kilichomo ndani.

Monsieur Klein inazidi saa mbili kidogo. Ni ya baridi: kuta za kijivu na kijani, makoti mazito, vioo vingi. Inakwenda kama upelelezi lakini haikupi raha ya upelelezi, kwa sababu fumbo halifunguki. Aliyezoea filamu inayofunga kila fundo atanung'unika. Ila ukitoka Plein soleil na kuingia hapa utapata kitu ambacho filamu moja peke yake haikupi. Delon yuleyule aliyeiba ubini wa mwingine akiwa na miaka 24 sasa ana miaka 40, ni mmoja wa watayarishaji wa filamu, na anaigiza mtu anayelazimishwa kubeba ubini wa mwingine. Uso ule uliokuwa ufunguo wa kila mlango haumsaidii tena.

Chagua hivi

Kama hujazoea filamu za zamani, au mnatazama wengi sebuleni na kuna wanaosinzia haraka, weka Plein soleil. Ina mauaji, lakini si ya kuchukiza. Monsieur Klein si ya watoto: huo mwanzo una mwanamke aliyevuliwa nguo na kudhalilishwa, na kilichofuata Julai 1942 kinahitaji mtu mzima wa kukieleza. Itazame na mtu mtakayeweza kukaa naye saa nzima baadaye mkizungumza, hasa kama kwenu kuna kumbukumbu ya watu kuulizwa kitambulisho kizuizini na maisha yao kutegemea kabila lililoandikwa humo. Wasomaji wa Rwanda na Burundi hawahitaji niseme zaidi.

Kama unasikia Kifaransa vizuri, kama wengi wa Bukavu, Lubumbashi au Bujumbura wanavyosikia, anza moja kwa moja na Bresson. Sentensi za Cocteau ni fupi, zimenolewa, na maandishi ya tafsiri chini ya picha yanapoteza nusu ya sumu yake. Anayetegemea tafsiri bado atapata uso wa Casarès, na huo hauhitaji mkalimani. Ila asiitazame akiwa amechoka, na asiikate katikati. Ikikushinda mara ya kwanza, ivumilie mpaka pale kwenye maporomoko ya maji. Kuanzia hapo kila mtu anajua jambo ambalo mwenzake halijui, na hata mlango kufunguliwa tu kunakuwa hatari.

Ukiwa na wikiendi nzima, pendekezo langu ni Bresson Ijumaa, kisha Delon wawili Jumamosi na Jumapili, wa 1960 akitangulia. Na kama kisa cha Diderot kitakuwa kimekunasa, ipo Mademoiselle de Joncquières ya Emmanuel Mouret ya mwaka 2018, inayokirudisha kwenye karne ya 18 yenyewe, Cécile de France akiwa mwenye kisasi, na mavazi yake yalipata César. Ni nyepesi kufuatilia na ina ucheshi. Iache hata hivyo mpaka umalize ya 1945. Watu wa Mouret wanaongea sana na wanafafanua kila wanachohisi. Baada ya Bresson maneno hayo yana ladha yake, lakini ukianza nayo yatakuzoesha kusubiri maelezo ambayo Bresson hatoi.